Polisi, nguvu na simu: Sheria ya Kenya yasemaje

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Akilazimika kuzitumia, sharti zilingane na uzito wa kosa na upinzani anaokabiliana nao. Kifo au jeraha baya huripotiwa kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi.

Siri ya mawasiliano nayo inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010. Polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji jijini Nairobi Juni 25, 2024, vijana kadhaa walitekwa nyara. Wanaharakati walidai walisakwa kupitia simu zao, madai yaliyokanushwa.

Jeraha huonekana, anayefuatiliwa kwa simu huenda asijue kamwe, wala asilalamike.