Meza za kale za Uingereza: Mbao nzuri, historia chungu

Meza ndefu ya mahogani iliyozungukwa na viti vya kuchongwa ndiyo picha inayowajia wengi zinapotajwa samani za kale za chumba cha kulia nchini Uingereza. Hata hivyo, mbao za samani hizo hazikuota katika nchi hiyo, wala waliozikata hawakupata kuzikalia.

Katika Zama za Kati, watu wa nyumba kubwa za Kiingereza walikula ukumbini. Mbao ziliwekwa juu ya miguu ya kuhamishika, na mlo ulipokwisha ziliondolewa. Katika karne ya 16 zilienea meza nzito za mwaloni, na katika karne iliyofuata zikapendwa meza ndogo zenye mabawa ya kukunja.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 1721, Bunge la Uingereza lilipofuta ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika. Mahogani ya Jamaica ikaanza kumiminika bandarini. Mti huo hutoa mbao pana na ngumu, zisizoshambuliwa kirahisi na wadudu, na hung'aa zikisuguliwa. Kwa mbao hizo, seremala aliweza kuchonga miguu myembamba ya kiti bila kuhofia kuvunjika.

Waliokata miti hiyo walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani, kwanza Jamaica na baadaye katika eneo ambalo leo ni Belize.

Fundi mashuhuri wa enzi hiyo, Thomas Chippendale, alizaliwa mwaka 1718 huko Otley, Yorkshire. Mwaka 1754 alichapisha jijini London kitabu cha michoro ya samani, na mafundi wengi wakaiga viti vyake.

Miongoni mwa wateja wake wakubwa alikuwa Edwin Lascelles, mwenye jumba la Harewood, ambaye utajiri wa familia yake ulitokana na biashara ya sukari na watumwa katika visiwa vya Karibi. Meza ya pembeni ya kuandalia chakula, pamoja na chombo cha kupozea mvinyo, ambavyo Chippendale alivitengenezea chumba cha kulia cha jumba hilo, vimehifadhiwa humo hadi leo.

Huko Lancaster, kampuni ya Gillow iliagiza mahogani kutoka Karibi. Mwaka 1800 Richard Gillow alipata hataza ya meza ya kurefushwa, ambayo huvutwa na kuongezwa vipande kadiri wageni wanavyoongezeka.

Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833, lakini ukataji wa mahogani uliendelea. Miti ikapungua kiasi kwamba, tangu mwaka 2003, biashara ya kimataifa ya mahogani ya Amerika ya Kati na Kusini inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES.

Bendera ya Belize ina mti wa mahogani na wanaume wawili, mmoja ameshika shoka na mwenzake kasia, kumbukumbu ya kazi iliyoanzia msituni na mtoni kabla ya kufika mezani.