Tumbo Tupu

Agizo lilikuwa fupi: kipimo ni saa nne asubuhi, na mtoto asinyonye kwa muda wa saa tatu kabla yake.

Basi liliondoka Maore saa kumi alfajiri, likapita Kisiwani gizani. Mwanangu alikuwa na miezi mitatu na uzito wa mtoto wa mwezi mmoja. Alikuwa akinyonya kwa pupa, kisha maziwa yote yanarudi. Tulipofika Same nikamnyonyesha mara ya mwisho. Kufika Mwanga, akaanza kulia.

"Mwanangu, mnyonyeshe mtoto," alisema bibi mmoja nyuma yangu. "Huna huruma?"

Basi zima likanitazama. Nikampa ziwa.

Hospitalini Moshi muuguzi aliniuliza kama mtoto amenyonya, nikasema kweli. Hakunigombeza. Aliandika saa mpya, saa saba mchana, na mwanangu akaanza kufunga upya. Aibu yangu ya dakika chache aliilipa yeye.

Baadaye niliitafuta asili ya agizo lile. Mwaka 1895, huko Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miale inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Tumbo halikuonekana, kwa kuwa nalo ni nyama. Mwaka uliofuata Walter Cannon, mwanafunzi wa udaktari Harvard, Marekani, alianza kuwalisha wanyama chakula kilichochanganywa na bismathi, madini yanayozuia miale hiyo. Kwa mara ya kwanza akaona chakula kikishuka kooni na tumbo likikisukuma.

Kazi ile haikuwa bila maafa. Aina moja ya bismathi iliwadhuru wagonjwa, na baadhi yao, watoto wakiwemo, walikufa. Mwaka 1910 madaktari wa Ujerumani wakaleta bariamu salfeti, unga mweupe usioyeyuka, unaopita tumboni na kutoka kama ulivyoingia. Ndio unaotumika hadi leo. Tumbo likiwa na maziwa, unga huo hauonyeshi vizuri. Na mtoto aliyeshiba hakubali kumeza kitu chenye ladha ya chaki. Njaa ile niliyoiona ukatili ilikuwa sehemu ya kipimo.

Cannon aliona na jambo jingine: paka akiogopa au akikasirika, tumbo lake lilisimama. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kwa nini muuguzi aliniambia nisitoke nje. Mama naye ni sehemu ya maandalizi.

Saa saba walinivika aproni nzito ya risasi. Nilimshika mwanangu mikono, nikamwimbia kwa Kipare taratibu mpaka akatulia. Akainywa ile dawa nyeupe kwa njaa yake yote. Kwenye skrini niliona kivuli kikishuka hadi tumboni, kisha kikapanda tena kooni. Daktari alisubiri. Hatimaye kivuli kikapita chini, kuelekea kwenye utumbo.

"Njia haijaziba," akasema. "Mama, hapa hakuna upasuaji."

Maziwa yalikuwa yakipanda tu, kama yanavyowapanda watoto wengi, ila kwake yalizidi. Anyonye kidogo kidogo, mara nyingi, na akimaliza abebwe wima. Pia niliambiwa nisishtuke choo chake kikiwa cheupe siku mbili tatu.

Jioni, basi likirudi, nilimnyonyesha tena pale Mwanga. Kidogo tu. Kisha nikamweka begani, wima, hadi Same.