Mbwa Waliochukua Dawa

Katika Januari 1925 ugonjwa wa dondakoo uliingia mji wa Nome, pwani ya Alaska, kaskazini ya mbali ya nchi ya Marekani. Ugonjwa huu huziba koo la mtoto hata ashindwe kuvuta pumzi. Daktari wa mji, Curtis Welch, alikuwa na dawa kidogo tu iliyochakaa. Bahari ilikuwa imeganda, meli hazipiti. Nayo reli ilikoma Nenana, mwendo wa maili 674.

Basi dawa ikachukuliwa kwa magari ya theluji, yasiyo na magurudumu, yakokotwayo na mbwa. Waendeshaji 20 walipokezana, wengi wao wenyeji wa Alaska. Leonhard Seppala alisafiri masafa marefu kuliko wote. Mbwa wake Togo, mzee wa miaka 12, aliwaongoza wenzake juu ya barafu ya bahari katika tufani. Tarehe 2 Februari Gunnar Kaasen akaingia Nome, Balto akiwa mbele ya mbwa wake. Safari yote ilikuwa siku tano u nusu.

Mwaka ule ule Balto akasimamishiwa sanamu mjini New York. Wale wenyeji hawakutajwa sana.

Ndugu, mara nyingi kazi ya wengi husifiwa kwa jina la mmoja. Lakini kama mmoja wao angaliipoteza dawa njiani, Balto asingalikuwa na kitu cha kufikisha.