Gloaming: Neno la Utusitusi Lililotunzwa Uskoti

Katikati ya Juni mjini Edinburgh, Uskoti, jua huchwa karibu saa nne usiku, na giza totoro halifiki kamwe. Usiku kucha jua halishuki hata nyuzi 11 chini ya upeo, hivyo upande wa kaskazini hubaki na weupe wa kijivu hadi alfajiri. Kwetu kwenye Ikweta jua huzama wima. Dakika ishirini na kitu baadaye, mtu huitafuta taa. Waskoti hukaa saa nyingi katika mwanga huo usio mchana wala usiku, nao huuita gloaming.

Hata hivyo neno halikuzaliwa kwao. Limo katika Kiingereza cha Kale, kabla ya mwaka 1100, kwa umbo la glomung, kutokana na glom, yaani utusitusi. Wataalamu wa asili za maneno hulihusisha na mzizi uliozaa glow, kung'aa kwa kaa la moto. Hapo ndipo neno hili linaponigusa. Waliolitunga waliutazama wekundu uliosalia, kama kaa chini ya majivu. Kiswahili kiliangalia jua lenyewe: machweo yametoka katika kuchwa, na magharibi, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, pia husimulia kuzama.

Kusini mwa Uingereza neno lilififia, dusk na twilight, maneno mengine ya utusitusi, yakashika nafasi yake. Uskoti likabaki midomoni mwa watu. Ushahidi umo katika irabu: lingepita njia ya kusini, ambako mona ya kale, yaani mwezi, ikawa moon, leo lingekuwa glooming. Mshairi wa Uskoti Robert Burns aliliandika katika karne ya 18, na kupitia waandishi wa Uskoti Waingereza wakalipokea upya.

Mwaka 1911 mwimbaji wa Uskoti Harry Lauder alilitia katika wimbo, Roamin' in the Gloamin', likavuka bahari. Tarehe 28 Septemba 1938, jijini Chicago, timu za Cubs na Pirates zilikuwa sare 5-5 katika besiboli, giza likiingia na waamuzi wakikaribia kuahirisha mchezo. Gabby Hartnett wa Cubs akaupiga mpira ukavuka ukuta, na Wamarekani hadi leo huliita pigo hilo Homer in the Gloamin'. Uwanja huo, Wrigley, haukuwa na taa; ziliwekwa mwaka 1988.