Imani na Mwenendo: Kiswahili, Jando na Maisha ya Kikristo katika Nchi ya Ruvuma



Kusini kidogo ya Msimbati, Mto Ruvuma unaingia baharini. Mwezi Machi 1861 meli ya mvuke iitwayo Pioneer ilipita mlango huo ikiwachukua David Livingstone na Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Maji ya mto yalipungua, nayo meli ikalazimika kurudi. Mackenzie alikwenda bonde la Shire, akafariki dunia Januari 1862. Mrithi wake, William Tozer, aliihamishia misheni Unguja mwaka 1864.

Kwa mwanahistoria wa lugha, kushindwa huko kulikuwa na matokeo makubwa. Uanglikana haukuingia kusini kwa njia ya mto. Ulizungukia Unguja, ukajifunza Kiswahili huko, ndipo ukarudi kusini kupitia bandari ya Lindi. Ulifika, basi, ukiwa na lugha ambayo kwa karne nyingi ilikuwa imelelewa na Uislamu. Swali la mhadhara huu ni hili: imani iliyotumia maneno ya jirani iliwezaje kuwa mwenendo wa kila siku wa watu wa Masasi, Newala na Mtwara, na si jambo la kanisani tu?

Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870 na kuwa askofu mwaka 1874, aliwapeleka Masasi mwishoni mwa 1876 watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kusogea hadi karibu na Ziwa Nyasa, lakini ardhi ya Masasi iliwapendeza, wakabaki. Walitoka katika makabila mbalimbali; Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Walilima, walijenga na kuoana. Kwao, kuwa Mkristo kulimaanisha kuwa na shamba, mke au mume, na jirani wa kumwamini, mambo ambayo utumwa uliwanyima. Uvamizi wa Wangoni wa Septemba 1882 uliharibu kijiji hicho, lakini kazi haikukoma. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa na kulelewa na misheni Unguja, alikwenda Chitangali, upande wa Newala. Mwaka 1890 alipewa upadri, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata. Aliishi kati ya watu wa lugha yake mwenyewe, nao walimpima kwa jinsi alivyoishi.

Sasa tuutazame msamiati. Maneno sala, dhambi, imani na hata kanisa yana asili ya Kiarabu. Padri limetoka kwa Wareno. Mungu, mwokozi na kuungama ni ya Kibantu. Juma lenyewe huhesabiwa kuanzia siku inayofuata Ijumaa. Kwa hiyo Mkristo wa Mtwara huadhimisha siku yake kuu katika Jumapili, yaani siku ya pili baada ya sala ya Waislamu. Jambo hilo halimsumbui, wala halimpunguzii chochote.

Neno imani lina uzito wa pekee. Katika Kiswahili halimaanishi kusadiki tu. Lina maana pia ya huruma. Tunasema fulani hana imani, tukikusudia kwamba ni katili, na kumwonea mtu imani ni kumhurumia. Mhubiri aliyewaambia watu wawe na imani alikuwa akiwaambia, apende asipende, kwamba wawatendee wenzao wema. Lugha ilikuwa imekwisha kuunganisha usadikifu na matendo kabla misheni haijafika.

Wapo waliotaka kuyapunguza maneno ya Kiarabu. Karl Roehl, aliyetoa tafsiri ya Biblia nzima mwaka 1937, alijitahidi kuweka ya Kibantu mahali pake. Nia yake inaeleweka kwa watu wa bara. Hata hivyo, pwani ya Ruvuma, ambako Waislamu ni wengi na ukoo mmoja waweza kuwa na wafuasi wa dini zote mbili, kuyaondoa ni kuwanyima watu lugha ambayo kwayo husameheana. Tafsiri ya Umoja ya mwaka 1952 iliyaacha mengi ya maneno hayo.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa jando. Kijana asiyetahiriwa hakuhesabiwa mtu mzima miongoni mwa wenzake, na pwani tohara iliambatana na Uislamu. Kanisa lilipokataza jando, kijana alilazimika kuchagua baina ya ubatizo na utu uzima. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alikuwa mtetezi mkuu wa njia nyingine: jando chini ya uangalizi wa kanisa, lenye sala na msalaba, na lisilo na mafunzo yaliyoonekana kupingana na Injili. Kwa wavulana mpango huo ulikubalika kwa kiasi kikubwa. Kwa wasichana ulikuwa mgumu zaidi. Elimu ya unyago ilikuwa mikononi mwa wanawake wazee, na padri mwanamume hakuwa na mlango wa kuingilia humo. Tofauti hiyo inatufundisha kwamba dini huwa maisha pale tu wenye elimu ya maisha wanapokubali kuifundisha.

Kwa hiyo naona kosa katika hoja mbili zinazosikika mara kwa mara: kwamba Ukristo wa kusini ni vazi la kigeni, na kwamba Kiswahili cha kanisani ni Kiswahili kilichoazimwa. Waumini wa Masasi na Newala walitumia lugha waliyoikuta, na wakaijaza mwenendo wao. Ushahidi wa mwenendo huo, yaani mafundisho ya makungwi na istilahi za makatekista, kwa sehemu kubwa uko vichwani mwa wazee, nao wanapungua kila mwaka. Wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu waanzie hapo, na wasiwaulize Wakristo peke yao. Jirani Mwislamu wa Msimbati anayajua maneno hayo vizuri kama wao.