Dunia ya Bunduki Zilizoota Kutu

Ndugu msomaji, nikuombe radhi mapema. Jarida letu hili ni la hadithi na mashairi, nami leo nakuja na habari ya gemu. Najua wapo watakaosema vijana wameishiwa cha kuandika. Lakini kama umewahi kukaa kwenye benchi la banda la gemu ukisubiri zamu yako, jasho linakutoka na shilingi zako zimekunjwa kiganjani, utakubaliana nami kwamba wengi wetu tulikutana na hadithi pale kabla hatujakutana nazo maktaba.

Gemu yenyewe ni Far Cry 2. Ilitoka Oktoba 2008, ikatengenezwa na Ubisoft katika tawi lao la Montreal, Kanada, na kiongozi wa ubunifu alikuwa Clint Hocking. Mimi niliikuta imeshazeeka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo, na miezi ile ya kusubiri matokeo kila aliyepita anaijua: huna shule, huna kazi, na kila mtu mzima anayekuona anakutuma dukani. Banda la mtaani kwetu lilikuwa na PlayStation 3 mbili. Moja haikupumzika, ilikuwa ya mpira tu kuanzia asubuhi hadi usiku. Ya pili ilikuwa na pedi mbovu, kwa hiyo mwenye banda aliniachia kwa bei ya huruma, na diski ambayo hakuna aliyeitaka ilikuwa hiyo. Haikutakiwa kwa sababu haichezwi na watu wawili, na ndani ya nusu saa hujafika popote.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Gemu za kupiga risasi ambazo unatazama kwa macho ya mhusika mwenyewe, yaani tuseme kwa lugha yetu ya waandishi, za nafsi ya kwanza, zilianza kuvuma na Wolfenstein 3D mwaka 1992 na Doom mwaka 1993. Zile zilikuwa za vyumba na korido. Unafungua mlango, unaua, unafungua mwingine. Mwaka 2001 Wacheki wakaleta Operation Flashpoint, yenye visiwa vizima vya kutembea upendavyo. Mwaka 2004 Wajerumani wa Crytek wakatoa Far Cry ya kwanza, ufukwe na msitu, na mwaka 2007 vijana wa Ukraine wakatoa S.T.A.L.K.E.R., ambamo bunduki inachakaa mkononi mwako. Korido zikawa zimebomolewa. Swali likabaki moja: ukishampa mtu uwanja mpana na bunduki, utamsimulia nini?

Hocking alikuwa analifikiria swali hilo. Mwaka 2007 aliandika makala kuikosoa gemu iitwayo BioShock, akisema hadithi yake inakwambia hili na mchezo wenyewe unakufanyisha lile, vikapingana. Mwaka uliofuata ikawa zamu yake kuonyesha.

Akatupeleka Afrika. Nchi haina jina. Kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe, pande mbili, APR na UFLL, na katikati yupo muuza silaha anayewauzia wote wawili, anaitwa Mbweha. Wewe ni mamluki uliyetumwa kumuua. Baadhi ya watengenezaji walisafiri hadi Kenya kutazama nyika ilivyo, na bwana, inaonekana. Majani makavu, vumbi jekundu, jua la jioni linavyolala juu ya migunga. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 50. Halafu kuna jambo lililonifanya nisimame nilipolisoma: programu kuu inayoiendesha gemu hiyo waliipa jina la Dunia. Dunia hii hii yetu, tuliyoipata kwa Waarabu. Nilimwonyesha mwenye banda, akasema, “Sasa mbona hawajatulipa?”

Sasa nieleze kwa nini niliipenda, maana sababu zake ni zile zile zinazowafanya wengine waitupe.

Kwanza bunduki inagoma. Ukiokota bunduki ya adui aliyekufa, ina kutu, na katikati ya mapambano inakwama. Utaiona mikono yako ikihangaika nayo huku risasi zinakupita sikioni. Nyingine zinaharibika kabisa. Ukitaka inayofanya kazi, nunua mpya kwa almasi, nayo pia itachakaa. Mimi nimekulia kwenye riwaya za akina Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na kwenye filamu za kwenye mabanda ya video zenye sauti ya mtafsiri juu yake. Huko shujaa akifyatua, mtu anaanguka. Sikuwahi kujiuliza bunduki ilitoka wapi wala nani aliisafisha.

Pili, huna ramani pembeni ya kioo kama gemu nyingine. Unaitoa ramani ya karatasi, unaishika mkononi huku unaendesha gari, na ukiiangalia sana unagonga mti. Gari likiharibika unashuka, unafungua boneti, unakaza nati moja. Nati ni ile ile kila siku! Mafundi wa gereji ya jirani walikuja kuliona hilo wakacheka hadi machozi.

Tatu ni malaria. Unaingia nchini kwa teksi, unafika mjini Pala, na kabla hujafanya lolote umeshaanguka kitandani. Unafumbua macho, Mbweha mwenyewe amesimama juu yako na barua zako mkononi. Uliyetumwa kumuua yeye ndiye anakuona unatetemeka kwa homa. Mwanzo mzuri kuliko huo sijausoma katika kitabu chochote cha upelelezi. Tangu hapo ugonjwa unakufuata, macho yanaingia ukungu, unameza kidonge kimoja, unaendelea na vita. Hapa lazima tuseme ukweli, sisi tunaoijua malaria. Dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, na siku ya kwanza hata uji hautaki. Lakini angalau mtu alifikiri kwamba mwenye bunduki ana mwili, na mwili unaugua. Na vidonge hupewi bure. Unavipata kwa raia waliojificha, kwa kuwapelekea hati za kusafiria ili watoroke nchi.

Kuna na moto. Ukichoma majani unasambaa kwa kufuata upepo, na upepo haujui wewe ni nani. Mara mbili nilijichoma mwenyewe. Na kuna rafiki zako mamluki: ukianguka, mmoja wao anakuja kukuburuta na kukutoa. Siku akijeruhiwa yeye, unamchoma sindano ya mofini, naye anaomba nyingine, na unatambua kwamba ukiendelea kumchoma unamuua. Nilikaa nimeishika pedi, watoto nyuma yangu wanapiga kelele “mchome, mchome!”, nami sikubonyeza chochote. Mwaka 2009 kijana mmoja wa Australia aliamua kuicheza gemu hii kwa uhai mmoja tu, akifa basi, akaandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo. Namwelewa kabisa.

Haya, na kero. Kero kubwa inayotajwa na kila mtu ni vizuizi vya barabarani. Unakipiga kizuizi, unaua wote, unaondoka. Ukirudi baada ya muda, wapo tena, kana kwamba hawakuwahi kufa. Barabara ndefu, kizuizi kila njia panda, na kila gari linalokuona linageuza kukufukuza. Maelezo yapo: kazi unazopewa ni za siri, kwa hiyo askari wa pande zote mbili hawakujui na wanakufyatulia. Maelezo hayo yanatosha mara ya kwanza. Mara ya thelathini unataka kutupa pedi. Ongeza na hili: kwenye PlayStation huhifadhi mchezo mpaka ufike kwenye nyumba salama, na mtaani kwetu umeme ulikuwa unakatika bila hodi. Siku moja nilivuka vizuizi vinne, naiona nyumba ile pale, taa ikazima. Sitaandika niliyoyasema.

Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo kasoro yake. Nilikuja kubadili mawazo kwa sababu ya mswada wangu mwenyewe.

Baada ya matokeo (tuyaache hayo) nilianza kuandika riwaya. Mamluki, almasi, vita, “katika nchi fulani katikati ya Afrika”. Bunduki zangu zilikuwa zinagoma vizuri sana, na shujaa wangu alikuwa na homa kuanzia ukurasa wa pili. Nilijiona nimemzidi kila mtu. Katika nyumba yetu alikuwepo mpangaji mmoja, mama mtu mzima, mzaliwa wa Uvira, ambaye mwaka 1996, vita vilipofika kwao, alivuka Ziwa Tanganyika akiwa msichana, akatokea Kigoma. Nikamsomea sura tatu, nikitegemea sifa. Akasikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele. Kisha akaniuliza, “Sasa mwanangu, hawa watu wako wanakulaka nini?”

Nikasema hiyo siyo hadithi ya chakula, Mama.

Akanieleza kizuizi kinavyokuwa. Alisema kizuizini watu wanaongea. Askari anataka sabuni, anataka sigara, anataka saa yako. Anakuuliza unatoka ukoo gani, wewe unapima haraka useme upi. Kuna mmoja alimjua kaka yake shuleni, wakapita kwa sababu hiyo. Kizuizi kilichofuata hawakujua mtu, wakaacha baiskeli na godoro. Aliyasema hayo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

Nikarudi bandani nikaitazama ile gemu upya. Nyika ipo, pundamilia wapo, mabati yenye kutu yapo. Watu wa nchi hawapo. Pala ni mji, lakini hakuna soko, hakuna mama ntilie, hakuna mtoto anayekimbiza tairi. Kila unayekutana naye njiani ana bunduki na anakulenga. Raia ni wachache, wamefungiwa ndani, wanasubiri hati zao na kukupa vidonge. Vizuizi vinachosha kwa sababu hakuna cha kuzungumza pale: huwezi kuhonga, kudanganya wala kuomba, huwezi kusema namjua kaka yako. Walikumbuka kutu ya mtutu wakasahau salamu.

Hocking hakuficha kwamba moja ya vyanzo vyake ni kitabu cha Joseph Conrad, Heart of Darkness, kilichotoka mwaka 1899 baada ya Conrad kufanya kazi ya meli kwenye mto Kongo mwaka 1890. Na Chinua Achebe, yule wa Shujaa Okonkwo, alikwishakitolea kitabu hicho hukumu katika mhadhara wake Marekani mwaka 1975: kwamba Afrika imefanywa pazia la nyuma ili Mzungu mmoja apate mahali pa kurukwa na akili, na wenyeji wamenyang’anywa hata usemi. Ukisoma mhadhara ule utadhani anaizungumzia gemu iliyokuja kutoka miaka 33 baadaye.

Tena inaumiza zaidi ukiujua mwisho. (Kama unataka kuicheza, ruka aya hii.) Mbweha anageuka, anasema vita hivi ni ugonjwa na wote tulioubeba lazima tufie humu. Raia wanakimbilia mpakani. Mmoja wenu abaki alipue mlima kuziba njia ya wanaowafukuza, mwingine apeleke almasi kuwahonga walinzi wa mpaka wawapitishe watu, kisha ajipige risasi. Ni mwisho mzito, hauna kombe wala busu. Lakini unaombwa kufa kwa ajili ya watu ambao saa zote zile hujawahi kununua hata andazi kwao. Nilijua nipaswe kuguswa. Niliguswa na yule rafiki wa mofini, siyo na wao.

Mwaka 2012 ilikuja Far Cry 3. Malalamiko yote yakasikilizwa: kambi ukiiteka inabaki yako, bunduki haiozi, malaria hakuna. Ikapendwa sana, na mimi nimeimaliza kwa raha zote. Ukiniuliza leo kilichotokea katikati yake nitakutajia vitu viwili vitatu. Ile ya zamani naweza kukuchorea barabara zake.

Banda lile limeshafungwa, sasa pale wanauza chipsi. Mwenye banda alinipa diski kwa sababu ilikuwa imechubuka haichezeki tena. Nimeiweka ndani ya daftari la mswada, mahali nilipoishia. Nchi ya riwaya yangu siku hizi ina jina, na sura ya tatu nimeifuta yote. Shujaa amefika kizuizini saa nane mchana, homa imempanda, na askari anayemsimamisha ni kijana anayeuza vocha za simu pembeni. Wanabishana bei. Mama alisema bei niliyoandika ni ndogo mno, hakuna askari angekubali, kwa hiyo bado wamesimama pale.