Risasi ya Dum Dum: kutoka Kolkata hadi Kampala

Mwaka 1896, katika kiwanda cha silaha cha Dum Dum, nje kidogo ya mji wa Kolkata nchini India, Kapteni Neville Bertie-Clay wa jeshi la Waingereza aliichukua risasi ya kawaida ya bunduki ya .303 akaiondolea gamba kwenye ncha. Bunduki ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni kipande kidogo tu cha mbele, ambapo madini laini ya risasi sasa yalikuwa wazi. Risasi hiyo ikimpiga mtu ilifunguka kama ua, na jeraha lake lilikuwa kubwa mno kuliko tundu ilipoingilia. Jina la kitongoji hicho likawa jina la risasi za namna hiyo duniani kote.

Kisa cha yote ni baruti. Hadi miaka ya 1880 majeshi yalipiga risasi nene za madini matupu. Martini-Henry ya Waingereza ilikuwa na mtutu wa .45, karibu milimita 11.4, na risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 31 hivi. Baruti ilikuwa nyeusi, na kila mlio uliacha wingu la moshi. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kuliko ile ya zamani, na miaka miwili baadaye Ufaransa ikaleta bunduki ya Lebel ya milimita 8. Mataifa mengine yakakimbilia huko huko. Risasi ikawa nyembamba, ndefu na ya kasi. Ila kwa kasi ile madini matupu hayakuhimili. Yalikwanguka na kuganda ndani ya mtutu. Dawa yake alikuwa nayo Mswisi Eduard Rubin, aliyeivika risasi gamba la shaba.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu namba, maana huwachanganya hata watu wenye leseni. Waingereza na Wamarekani hupima kwa inchi: .303 ni sehemu 303 kati ya 1,000 za inchi, sawa na milimita 7.7. Wazungu wa bara hutumia milimita, ndiyo maana tunasikia 7.62 na 9. Bunduki za marisau zina hesabu yao ya kale: ukigawa ratili moja ya madini ya risasi katika vigololi 12 vilivyo sawa, kipenyo cha kigololi kimoja ndicho kipenyo cha mtutu wa namba 12. Na zipo namba ambazo si za kweli kabisa. Risasi ya bastola inayoitwa .38 ina kipenyo cha .357. Kwa hiyo namba iliyo kwenye sanduku inakuambia risasi itaingia katika bunduki gani. Haikuambii itafanya nini ikifika.

Hilo ndilo lililowakuta Waingereza. Katika msafara wa Chitral wa mwaka 1895, kaskazini-magharibi mwa India ya wakati huo, askari walilalamika kwamba .303 yenye gamba kamili inampita mtu na yeye anaendelea kuja. Dum Dum ilijibu malalamiko hayo. Muda si mrefu viwanda vya Uingereza kwenyewe vikatoa risasi zenye tundu kwenye ncha, na mwaka 1898 risasi zinazotanuka zikatumika Sudan dhidi ya majeshi ya Khalifa, mtawala wa nchi hiyo.

Mwaka uliofuata mataifa 26 yalikutana The Hague, Uholanzi, kujadili sheria za vita. Madaktari wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kuchapisha majaribio ya kutisha kuhusu majeraha ya risasi za ncha laini. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alizitetea risasi hizo. Hoja yake ilikuwa kwamba askari wa taifa lililostaarabika akijeruhiwa hujua vita vyake vimekwisha, lakini mshenzi, kama walivyowaita watu wetu, husonga mbele hata akiwa ametobolewa. Nimeisoma hoja hiyo zaidi ya mara moja na bado inanichoma. Haikutamkwa kambini wakati wa hasira. Ilitolewa mezani, mbele ya wanasheria na mabalozi, katika mkutano ulioitwa wa amani.

Hoja ilishindwa. Azimio la tarehe 29 Julai 1899 lilikataza risasi zinazotanuka au kubonyea kwa urahisi ndani ya mwili wa binadamu. Uingereza ililikubali mwaka 1907. Marekani haikuliridhia kamwe. Lakini azimio lile lile lilisema linawabana waliotia sahihi pale tu wanapopigana wao kwa wao. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipoanza Julai 1905, Wamatumbi, Wangoni na wenzao hawakuwa miongoni mwa waliotia sahihi, wala hakuna aliyewahi kuwaalika The Hague. Sheria ya kwanza ya dunia kuhusu risasi hizi iliandikwa bila kumkinga mtu ambaye kwa ajili yake zilitengenezwa.

Wawindaji walikuwa na elimu yao. W. D. M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamoja kutokana na nyika za kaskazini-mashariki mwa Uganda alikowinda, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Alitumia risasi yenye gamba gumu isiyotanuka kamwe, akailenga kwenye ubongo. Risasi laini ingeishia kwenye mfupa. Kwa simba ni kinyume chake: ngozi si nene, na ncha laini humwangusha upesi. Katika uwindaji wa kulipia, hadi leo utakuta mshipi mmoja una aina zote mbili, na mtu makini hujua kwa kupapasa tu ipi ni ipi.

Bastola zilipita njia nyingine. Georg Luger alitoa risasi ya milimita 9 mwaka 1902, na leo ndiyo inayotumika zaidi katika bastola duniani. Wamarekani, baada ya kuona .38 yao ikishindwa Ufilipino, walifanya majaribio mwaka 1904 kwa ng'ombe wa machinjio ya Chicago na kwa maiti, wakaamua kurudi kwenye .45. Ubishi wa ipi bora kati ya milimita 9 na .45 haujaisha.

Hata hivyo, kwa upande wa polisi lililoamua mambo ni tukio la Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa na watano wakajeruhiwa na majambazi wawili. Mmoja wa majambazi hao alikuwa amepigwa mapema kwa risasi ya milimita 9 yenye tundu kwenye ncha. Ilitanuka vizuri, ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kufyatua. Tangu hapo FBI ilitaka risasi itanuke na pia izame kati ya sentimita 30 na 46 katika jeli ya majaribio. Polisi wa nchi nyingi huchagua risasi ya tundu kwa sababu ya yule asiyehusika: risasi yenye gamba kamili humpita mlengwa ikaenda kumpata mtu wa nyuma yake. Azimio la The Hague linahusu vita, haliwagusi polisi.

Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, uliyafanya matumizi ya risasi hizi kuwa uhalifu wa kivita, lakini katika vita baina ya mataifa tu. Juni 2010, wanachama wa Mahakama hiyo walipokutana Kampala, waliongeza vita vya ndani ya nchi, vile ambavyo Waafrika wengi wamefia. Ilikuwa miaka 111 baada ya The Hague. Marekebisho hayo huzibana nchi zilizoyaridhia peke yake. Wabunge wa Afrika Mashariki wanaosoma makala haya waulize serikali zao kama zimekwisha kuyaridhia, na kama bado, zinangoja nini.